Kliniki Walikwenda, Kujifungua Wakabaki Nyumbani

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukiuliza kwa nini wanawake wa vijijini Tanzania wanazalia nyumbani, jibu lilikuwa tayari: mila. Nalikumbuka jibu hilo redioni na kwenye semina, likirudiwa mpaka likawa ukweli. Leo naona liliwaonea. Utafiti wa taifa wa 2015/16 ulionyesha kuwa karibu wajawazito wote, asilimia 98, walihudhuria kliniki angalau mara moja. Waliojifungulia kituoni walikuwa asilimia 63, na kwa vijijini 54 tu, wakati mijini walifika 86. Anayeikataa hospitali kwa sababu ya mila hatembei nusu siku kwenda kupimwa tumbo. Kliniki ina siku yake: mama huondoka alfajiri, hupumzika njiani, hurudi jioni. Uchungu hauna ratiba. Huanza saa nane za usiku, mvua imekata njia, na mwenye pikipiki anataka nauli ambayo haitapatikana mpaka pamba iuzwe. Kisera huduma ni bure, lakini mama hutakiwa aje na glavu, wembe, uzi, mpira wa kutandika, kanga na beseni. Asiye navyo anajua atakavyopokelewa, na neno moja la kejeli wodini huenea kijijini haraka kuliko tangazo lolote.

Nitaambiwa kwamba mume na mama mkwe ndio waamuzi. Ni kweli, ila nao hupima umbali na fedha. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) ulioanza 2007 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Bodaboda zikaongezeka, na baadaye ikaja namba 115 ya kuita usafiri wa dharura wa wajawazito chini ya mpango wa m-mama. Kufikia 2022 waliojifungulia kituoni walikuwa asilimia 81. Mama wakwe hawakubadilishwa kwa miaka saba; kilichobadilika ni safari. Wengine husifu sheria ndogo za kuwatoza faini wanaozalia nyumbani. Mimi sizikubali hata kidogo: faini humwangukia yuleyule aliyekosa nauli, na humfundisha kuficha uzazi badala ya kumleta mtoto kwenye chanjo.

Hata kufika kituoni si kupona. Kati ya 2010 na 2015/16 waliojifungulia vituoni walipanda kutoka asilimia 50 hadi 63, lakini makadirio ya vifo vya uzazi hayakushuka: 454, kisha 556, kwa kila vizazi hai 100,000. Baadaye mamia ya vituo vya afya vikapewa vyumba vya upasuaji, na mwaka 2022 makadirio yakawa 104. Bado zipo zahanati zenye mtumishi mmoja au wawili. Usiku akiwa hayupo, mlango una kufuli, na mwenye uchungu anakaa barazani na beseni lake akingoja kukuche.