Daftari la Mangi

Hesabu za kujumlisha nilijifunzia kwenye daftari la madeni, juu ya mkeka, kibatari kikiwa kati yangu na baba. Ilikuwa mwaka 1994, Manzese, Dar es Salaam, nami nilikuwa na miaka 11. Baba alikuwa amepunguzwa kazi katika kiwanda cha nguo alichokitumikia miaka 19, na dukani kwa Mangi tulikuwa tukichukua vitu kwa kuandikisha.

"Mama," ndivyo alivyoniita, maana nimerithi jina la mama yake, "hebu jumlisha tena."

"Nimeshajumlisha, baba. Ni ile ile."

"Anzia juu, mwanangu. Labda kuna tuliporuka."

Nikaanzia juu. Unga kilo mbili, sukari robo, mafuta ya taa, kipande cha sabuni, chumvi, unga tena. Hatukuwa tumeruka popote. Kuna usiku nilijumlisha mara saba, na kila nilipotaja jumla alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeambiwa habari ya msiba kwa mara ya kwanza. Mama akasema kutoka kitandani kwamba mafuta yanaisha, na hayo mafuta yenyewe yamo humo humo daftarini. Baba akazima kibatari, ila hakulala. Nilisikia kandambili zake zikipiga sakafu ukumbini, kutoka mlango wa mbele hadi uani, kisha zinarudi. Tulikuwa wapangaji wa vyumba sita katika nyumba ile, na wote walikuwa wakizisikia.

Waliokuwa watu wazima miaka ile wanakumbuka. Shilingi ilikuwa imeporomoka vibaya tangu serikali ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986. Mitumba ilijaa masokoni, na viwanda vya nguo, Mwanza, Musoma na hapa Dar, vikawa vinasimama au kupunguza watu. Mwaka 1993 hospitali kubwa za serikali nazo zilianza kuwachangisha wagonjwa. Sikatai kwamba mashirika mengi yalikuwa yakijiendesha kwa hasara na kwamba ilibidi lifanyike jambo. Lakini baba alipewa barua na ahadi ya mafao, basi. Kufuatilia mafao hayo alikwenda mjini kwa miguu ili nauli ibaki nyumbani, akaambiwa njoo wiki ijayo, akaenda wiki iliyofuata, akaambiwa faili halijaonekana. Miezi minane ikakatika hivyo.

Akaanza kupungua mwili. Ugali ukiletwa anasema ameshiba, kumbe tunajua hajala tangu jana. Alikuwa mtu wa bao, mtu wa kutaniana na wenzake pale barazani. Akaacha kutoka, kwa sababu njia ya kwenda barazani ilipita mbele ya duka la Mangi. Watu hawalielewi jambo hili wanapozungumzia umaskini. Mangi hakuwahi kumtolea baba neno baya hata siku moja. Kilichomla ni kule kupita na kusalimia huku akijua jina lake limeandikwa ndani.

Alisema kichwa kinawaka moto na moyo unakwenda mbio. Zahanati wakampa klorokwini, kwa kuwa kila kichwa wakati huo kilikuwa malaria. Akajikuna siku mbili mwili mzima na kichwa kikabaki vile vile. Shangazi akasema huu ni mkono wa mtu, tukaenda kwa mganga upande wa Bagamoyo, na nauli na jogoo vikaongeza deni jingine. Wapangaji wa nyumba yetu, wanaume wenzake, wakamwambia ajikaze kiume. Majirani walisema ana mawazo. Wote walimpenda, na hakuna hata mmoja aliyekaa naye kumuuliza analala saa ngapi. Mama aliwahi kufikiria hospitali, akaogopa. Kwa watu wa kwetu, hospitali ya akili ilikuwa Mirembe, kule Dodoma, na Mirembe lilikuwa neno la kutukania.

Alfajiri moja hatukumkuta. Tulimtafuta mpaka jua likapanda. Mlinzi wa kiwanda, aliyekuwa akimfahamu, ndiye aliyemleta, amemshika mkono kama mtoto. Alimkuta amekaa getini, amevaa ile ovaroli yake ya bluu, anasubiri zamu ifunguliwe.

Siku hiyo mama aliacha kuogopa. Walikwenda Muhimbili. Daktari, kwa maelezo ya mama, alimuuliza baba mambo mengi na hakumkatiza. Alipewa vidonge na tarehe ya kurudi. Jioni yake mjomba wangu alichukua daftari, akaenda nalo kwa Mangi, wakakubaliana: nusu mjomba analipa, nusu italipwa kidogo kidogo kutoka kwenye maandazi ya mama. Usiku ule kandambili hazikusikika. Vidonge, nilivyokuja kuelewa baadaye, havifanyi kazi upesi namna ile. Nadhani baba alilala kwa sababu mtu mwingine alikuwa ameshika ule mzigo upande wa pili. Ugonjwa wenyewe ulichukua karibu miaka miwili kumtoka, na hakurudi kuwa yule mcheza bao wa zamani.

Jina la ugonjwa huo, sonona, nimelijua nikiwa na watoto wangu. Leo mimi ni mweka hazina wa kikundi cha vicoba, na daftari la Mangi naliona likiwa ndani ya simu za wanachama. Kuna mikopo ya mitaani tunayoiita kausha damu, ya kurejesha kila siku. Kuna programu za simu zinazokopesha kwa dakika tano, na ukichelewa zinawatumia ujumbe ndugu zako na bosi wako kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 zisizo na leseni na kuzipiga marufuku. Ilifanya vizuri. Lakini baba aliugua kwa ajili ya duka moja ambalo mwenyewe hakuwahi kumdai kwa sauti. Sijui angekuwaje kama Mangi angewapigia simu ukoo mzima.

Kwenye kikundi chetu, mwanachama akikosa kurejesha wiki mbili, siku hizi hatuanzi na faini. Watu wawili wanakwenda kwake, wanakaa, wanauliza analala, anakula. Kisha wanaomba kuliona daftari, au simu, na kujumlisha pamoja naye, mara moja tu. Anayehitaji daktari tunamsindikiza.

Nawe ukiona dirisha la jirani lina mwanga saa nane za usiku, leo na kesho na keshokutwa, asubuhi nenda kapige hodi.