SANGALA WA KUCHOMA NA HAKI YA NYUMBANI



Katika gazeti letu hili watu wanaandika sana juu ya mupira, juu ya mitihani na juu ya safari za kwaya. Sisi ndugu wawili tumeona vema kuandika juu ya kazi ya jikoni. Musicheke kwanza! Ni kazi ya kuchoma vipande vya sangala vilivyolazwa katika viungo, jinsi tunavyofanya kwetu Kalemie siku ya posho. Ndani ya kazi hiyo tumejifunza jambo moja: kukata sawa si kugawa sawa.

Sangala ni samaki mukubwa wa ziwa Tanganyika. Kwa Kifaransa wanamuita capitaine. Yeye na mukeke ni wa jamaa moja, ile wenye elimu wanaita Lates. Katika ziwa letu jamaa hiyo ina aina 4, na hizo 4 hazipatikani katika ziwa lingine lolote duniani. Lakini mukeke ni mwembamba, anachomwa muzima. Sangala ni munene, lazima akatwe kwa mapana, pamoja na mufupa wa mugongo.

Kumununua si muchezo. Siku za mbalamwezi wavuvi wa taa wanapumzika, samaki wanapunguka sokoni na bei inapanda. Njo maana mama anangojea siku za giza, anaweka feza kidogo kidogo, halafu tunanunua moja tu, wa kilo 4 hivi. Na sisi nyumbani tuko watu 10.

Hapa njo shida inaanza. Ukitoa kichwa, matumbo na magamba, ukakata vipande 10 vyote vya unene mumoja, havitakuwa sawa hata kidogo. Kipande cha katikati ni kipana, kina mafuta ya tumbo. Kipande cha mukiani ni kidogo, karibu nusu yake. Zamani, kwetu kama kwa majirani, vya katikati vilikuwa vya baba, vya wageni na vya sisi wavulana. Vya mukiani vilikuwa vya mama na vya wasichana. Hakuna mutu aliyeandika sheria hiyo, lakini kila mutu aliijua. Yaya yetu, musichana wa kwanza wa nyumba, alikuwa anasema, "Nimeshiba." Sisi wote tulijua kwamba hajashiba.

Mwaka yaya alipoingia darasa la sita na kuanza kutayarisha mutihani wa Serikali, mama aligeuza kisu. Hakupiga kelele, hakufanya mukutano. Alianza tu kukata vya katikati vyembamba, kidole kimoja na nusu, na vya mukiani vinene, vidole vitatu. Kisu kikifika kwenye mufupa, anapiga juu yake kwa muti, na kipande kinatoka safi. Kisha anapima kila kimoja kwa mukono. Hivyo uzito unalingana.

Baada ya kukata, viungo. Kwa vipande hivyo 10 tunatwanga punje 6 za kitunguu saumu, tangawizi ya urefu wa kidole, na pilipili 2. Tunaongeza vijiko 2 vya supu vya chumvi, maji ya ndimu 4 na mafuta ya mawese kidogo. Tunapakaa kila upande, tunafunika na kuweka mahali pa baridi. Nusu saa inatosha, saa moja ni mwisho. Ndimu ikikaa sana, nyama ya samaki inalegea na kuvunjika juu ya moto.

Tena mujue hili: ndimu inafanya nyama kuwa nyeupe kama iliyoiva, lakini haijaiva. Vijidudu viko bado. Na viungo vinavyobaki katika bakuli vimegusa samaki mubichi. Musivimwangie samaki aliyeiva, ila vikiisha kuchemshwa vizuri.

Moto ni kazi yetu sisi wavulana. Baba alisema hivyo, kwa sababu anayekula lazima ajue moshi. Mbabula tunaiweka nje, hatuiingizi kamwe nyumba iliyofungwa, hata mvua ikinyesha, maana makala inatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na inaua watu wakiwa katika usingizi. Tunangojea ndimi za moto zizimike na makala ifunikwe na majivu meupe. Wavu wa chuma tunautia moto kwanza, halafu tunausugua kwa nusu ya kitunguu kilichochovywa katika mafuta, ili samaki asishikane.

Sasa, kwa kuwa vipande havina unene mumoja, havianzi pamoja. Vile vya mukiani vinaanza, katikati ya moto, dakika 10 hivi kila upande. Tukivigeuza, njo tunaweka vyembamba kandokando, dakika 5 kila upande. Hivi vyote vinaiva saa moja. Tunageuza mara moja tu. Kipande kikishikilia wavu, usikivute: kikiiva vizuri upande ule, kitajiachia chenyewe. Na usitazame rangi ya juu, maana ndimu inadanganya macho. Funua kidogo karibu na mufupa. Ukiona nyama iko kama kioo, rudisha. Ikiwa nyeupe na inaachana, toa.

Siku moja baba mukubwa alikuja na treni kutoka Nyunzu. Mama akagawa kama kawaida. Baba mukubwa akatazama sahani yake, akatazama ya yaya, akasema:

"Njo nini hii? Mutoto mwanamuke anakula ya katikati, na mugeni anapewa mukia?"

Wote tulinyamaza. Mama alitazama chini. Tulifikiri baba atabadilisha sahani, maana mukubwa wake ni mukubwa wake. Yaya alikuwa amekwisha kusukuma sahani yake mbele.

Baba akasema kwa upole, "Yaya, hata mimi niko na mukia. Upime na mukono."

Baba mukubwa akashika kipande kimoja huku na kimoja huku. Akakaa kidogo. Akasema, "Hii ya mukia inapita." Akarudisha sahani ya yaya mahali pake, akaomba bukari na sombe, akala. Jioni ile yaya alisoma hata mafuta ya taa yakaisha.

Ndugu, katika Injili ya Yohana, sura ya 21, tunasoma kwamba wanafunzi walipofika pwani walikuta moto wa makaa na samaki juu yake. Aliyeutayarisha alikuwa Bwana mwenyewe, na yeye mwenyewe akawagawia. Hakungojea kugawiwa wa kwanza. Na Paulo aliwakemea Wakorinto kwa sababu kwa meza yao mumoja alishiba na mwingine akabaki na njaa. Basi jambo hili si la jikoni tu.

Sisi wa internati tunagawa maharagwe, tunagawa kazi za shamba, tunagawa vitabu. Mara nyingi tunasema, "Tumegawa sawa," kwa kuwa kila mutu amepata kimoja. Tupime kwa mukono. Mwenye kipande chembamba asipewe pia cha mukiani. Na kwetu iko sheria nyingine ndogo, tunawaachia mujaribu: anayekata anachagua wa mwisho. Mutaona namna kisu kinavyopata akili.

Tunawatakia masomo mema na likizo yenye samaki.

Ni sisi, ndugu wawili wa Kalemie.