Mzigo Unaotembea kwa Kwato

Nilipoanza kushughulika na hesabu za mizigo niliamini, kama wengi, kwamba haja ya usafirishaji huonekana barabarani: karani anakaa kivulini, anapiga mstari kwa kila lori, kisha jumla inazidishwa kwa siku za mwaka. Kwa hesabu hiyo Sangailu, kule Ijara katika kaunti ya Garissa, Kenya, haina mzigo wa maana. Mlinganyo wa mvutano, ule ambao Jan Tinbergen aliutumia mwaka 1962 kupima biashara baina ya nchi, nao hauisaidii, kwa kuwa unauliza ukubwa wa pande mbili na umbali uliopo, na Sangailu ni ndogo na iko mbali. Kilichonibadilisha ni ng'ombe. Mzigo mkubwa wa Ijara hutembea wenyewe. Hufika soko la Garissa kwa kwato, hupakwa rangi mgongoni ili kila mfanyabiashara amjue ng'ombe wake, na ukishapandishwa lori la Nairobi ndipo unapohesabiwa mara ya kwanza, tena kama mzigo wa Garissa. Lori linatakiwa kwa sababu nyama inatakiwa mjini. Basi mkadiriaji aanze na mifugo na walaji, matairi yafuate.

Wapo wanaouliza: ng'ombe akitembea bila nauli, akila njiani, mfugaji amlipie lori kwa nini? Msimu wa malisho wanasema kweli kabisa. Lakini ukame ukikaza, kama wa 2021 na 2022, njia haina jani, mnyama hukonda kila siku anayotembea, na kila ubavu unaojitokeza humpunguzia mwenyewe bei. Wakati huohuo maji, nyasi na unga vinahitaji gari la kuvipeleka huko alikotoka. Mvua nayo ina yake. Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka mwishoni mwa 2006 baada ya mafuriko, biashara ya mifugo Garissa ilisimamishwa, haja ikaporomoka na barabara ni ileile. Wastani wa mwaka huyafunika yote haya. Wengine wanahofia makadirio ya matumaini, na wana haki: treni ya mizigo ya SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilianza Januari 2018, na mwaka uliofuata serikali ikaagiza makontena yapite relini kwa lazima, ishara kwamba mzigo uliokadiriwa haukuja wenyewe. Ila kuzidisha makadirio ya reli hakuponywi kwa kutohesabu mifugo ya Ijara. Karani yuleyule aketi kwenye njia ya kuingia Garissa siku ya soko, msimu wa neema na msimu wa ukame, apige mstari kwa kila ng'ombe, na amuulize mchungaji wametoka wapi.