Njia ya Handeni na Heshima ya Wazee

Ndugu msomaji, kama hujapata kufika sehemu zetu, nifuate leo katika safari ya kilometa 65, kutoka Korogwe hata Handeni. Korogwe ni mji wa kando ya mto Pangani, ambao wenyeji huuita Ruvu. Juu yake imesimama milima ya Usambara, na mabondeni yamo mashamba ya mkonge, yaliyovuta watu wa makabila mengi tangu zamani za Wajerumani. Wako waliokuja kukata mkonge wakiwa vijana, wakazeekea hapa hapa, mbali na ndugu zao. Mzee wa namna hii hana mjomba wa kumtetea, wala mpwa wa kumchotea maji. Ndugu yake ni jirani.

Ukivuka mto na kushika njia ya kusini, nchi hubadilika. Ubichi wa milima unabaki nyuma, nawe waingia Uzigua, nchi ya vichaka, mahindi na mihogo, ambako mvua haina ahadi. Ukipita Sindeni na Misima utaona barazani bibi kizee na wajukuu zake, lakini wazazi wao hawapo. Wamekwenda Tanga au Dar es Salaam kutafuta riziki. Bibi huyo ndiye mlezi, mkulima na mlinzi wa nyumba. Chakula kikipungua, huwapakulia watoto kwanza.

Hapa hapana budi niseme jambo tusilopenda kulisema. Katika nyumba nyingine mzee huyu huonewa, tena na watoto wake mwenyewe. Katika kijiji kimoja cha njia hii, mjane mmoja aliachiwa na mumewe shamba la ekari tatu. Kijana wake alitaka liuzwe, apate pikipiki ya bodaboda. Mama akakataa. Tangu siku ile chakula chake kikawa kinachelewa, kisha hakikuja kabisa. Mwisho likazuka neno kwamba macho yake mekundu yana jambo. Kumbe yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, maana jiko lake halikuwa na dirisha!

Usilidharau neno hilo. Katika nchi ya Wasukuma, miaka ya 1990 na ya 2000, wazee wengi, hasa wanawake, waliuawa kwa uvumi kama huo. Huko Magu, mkoani Mwanza, chama cha MAPERECE, kwa msaada wa shirika la HelpAge, kilizungumza na wanavijiji, na pia kiliwajengea vikongwe majiko yasiyo na moshi mwingi. Macho yakipona, mwongo hukosa la kusema.

Turudi kwa mjane wetu. Nani alimwokoa? Mama mmoja wa Jumuiya Ndogo Ndogo aliona kwamba Jumapili mbili mwenzao hakuja kusali. Akaenda kumtazama, akakuta chungu kikavu. Hakupiga kelele, alimpikia uji, kisha akamwendea balozi. Balozi akamwita mtani wa ukoo, maana mtani aweza kusema ukweli mchungu bila kuleta ugomvi. Naye akamwambia kijana mbele ya watu: “Uza basi na kaburi la baba yako, si limo humo humo shambani?” Watu walicheka, ila kijana aliinamisha kichwa.

Mwenyekiti wa kijiji akaeleza kwamba kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, shamba la namna hiyo haliuzwi bila halmashauri ya kijiji kuridhia. Imamu naye, kwa kuwa majirani wengi ni Waislamu, akakumbusha haki ya mama. Baraza la wazee likapanga zamu za kumtekea maji. Kijana hakufukuzwa, mama alimpa ekari moja alime, asiiuze.

Lakini tusidanganyane. Si kila jambo humalizwa barazani. Mzee akipigwa, akibakwa au akitishiwa kuuawa, hilo ni la polisi na afisa ustawi wa jamii, na anayelificha kwa kisingizio cha amani ya ukoo anamsaidia mkosaji. Hata kumwita mtu mchawi ni kosa kwa Sheria ya Uchawi.

Sasa tumefika Handeni. Katika nchi hii, mahali paitwapo Chogo, wanakaa Wazigua ambao babu zao walichukuliwa utumwani Somalia katika karne ya 19. Vita vya 1991 vilipowafukuza huko, walirudi wakisema Kizigua, nao wakijua asili yao. Hawakuisoma vitabuni, waliitunziwa na wazee. Kama wangaliwaacha wazee wao bila kuwasikiliza, wangalijuaje kwao ni wapi?

Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walikubaliana kuzijenga Jumuiya Ndogo Ndogo, ili Wakristo wajuane nyumba kwa nyumba. Basi, msomaji, katika jumuiya yako hesabu wazee waliopo, na mmoja wenu apewe kazi ya kuuliza kila wiki: amekula nani, na hajaonekana nani? Amri ya kuwaheshimu baba na mama haina kikomo cha umri.