Miaka ya Kulinda Baridi

Mwandishi wa tawasifu hii, mzaliwa wa Madaba mkoani Ruvuma, aliifahamu baridi kali kabla hajaijua fizikia yake, kwani kazi yake ya kwanza ilikuwa kumsaidia mtaalamu wa uhimilishaji, yaani upandikizaji wa mbegu za dume kwa ng'ombe kwa kutumia mirija, ambapo alikabidhiwa mtungi wa naitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi 196 chini ya sifuri.

Baada ya masomo aliajiriwa ughaibuni katika maabara ya kupoza vihisi vya darubini zinazopokea mawimbi yenye urefu usiofika milimita moja. Mawimbi hayo hutoka kwenye mawingu ya vumbi baridi ambamo nyota huzaliwa, nayo hupokewa na bolometa, kihisi kinachotambua mnururisho kwa jinsi kinavyopata joto kidogo mno. Bolometa ikiwa na joto lake yenyewe, ishara hiyo humezwa. Ndiyo sababu vihisi vya kamera ya SCUBA-2 huko Hawaii hupozwa hadi takriban kelvini 0.1, yaani sehemu ya kumi ya nyuzi moja juu ya kikomo cha chini kabisa cha baridi.

Kazi yenyewe hudai subira. Chombo chenye vihisi hutolewa hewa hadi kibaki ombwe, hupozwa kwa naitrojeni, kisha naitrojeni hiyo huondolewa yote kabla ya kumimina heliamu ya nyuzi 269 chini ya sifuri, kwa sababu masalia yake huganda na kuziba mabomba. Fundi hupapasa ganda la nje kwa kiganja: likiwa kavu, ombwe ni zima, likitoa jasho, joto limepata njia.

Heliamu inayoponyoka hupaa isirudi, na darubini ya Herschel, iliyorushwa angani Mei 2009, ilikoma kutazama Aprili 2013 kwa kuishiwa nayo tu. Kwa hiyo tangazo la Juni 2016, kwamba bonde la Rukwa lina heliamu iliyozaliwa na urani na thori katika miamba ya kale, lilimgusa kuliko habari nyingine yoyote ya taaluma yake. Nchi yenye gesi hiyo, kwa maoni yake, inastahili mafundi wake wa kuisafisha na kuigeuza kimiminika, na kuwafunza vijana kazi hiyo ndiko alikomalizia utumishi wake.