Nambari za Ubavuni

Kwa miaka 17 gari lile lilikaa chini ya kibanda cha mabati, kando ya migomba, katika boma moja lisilo mbali na mji wa Nyamira. Kuku walilifanya kiota. Watoto waliopeleka majani chai kituoni walilitazama kila walipopita, na aghalabu yule mkubwa ndiye aliyewafafanulia wadogo: hilo ni gari la mlevi. Lilikuwa Datsun 240Z, gari la mbio la viti viwili, lenye pua ndefu na mgongo ulioteremka taratibu hadi nyuma. Rangi yake ya machungwa ilikuwa imefifia, na ubavu wa kushoto ulikuwa umebonyea kuanzia mlangoni.

Huyo aliyeitwa mlevi alikuwa kifungua mimba wa boma hilo, mhasibu aliyefanya kazi Nairobi tangu ujana wake hadi alipostaafu. Jioni moja ya Aprili 2006, masika yakiwa yamepamba moto, alikuwa akitoka Kisii kuelekea Nyamira. Katika mteremko wenye kona, gari liligeuka likatazama lilikotoka, kisha likaserereka kinyumenyume hadi mtaroni. Alivunjika mtulinga. Waliomtoa walisema hawakuona gari jingine, wala ng'ombe, wala shimo. Na gari lisiloguswa na kitu likigeuka lenyewe, dereva atakuwa na nini kama si pombe? Alikana. Alikana hospitalini, alikana kanisani, alikana mbele ya wazee. Alifariki mwaka 2014 akiwa angali anakana, na mjane wake akaachiwa gari pamoja na jina.

Mdogo wa marehemu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, ndiye aliyeamua mwaka 2023 kulifufua. Hakuwa na nia ya kumtetea mtu. Alilipenda gari tu, na mapenzi hayo yalikuwa ya tangu zamani. Alikuwa kijana wa shule katika enzi ambapo Pasaka ilikuwa na mambo mawili, ibada na Safari Rally, na si kila mtu aliyeweza kuapa ni lipi lililotangulia moyoni mwake. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio hizo kwa Datsun 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda akiwa na Lofty Drews kwa gari la aina hiyo hiyo, baada ya yeye na Harry Källström, aliyeendesha Datsun pia, kumaliza wakiwa na alama sawa za adhabu hata ikabidi kanuni itumike kuwatenganisha. Redioni magari yale yalikuwa jina tu. Kaka yake alipoleta moja nyumbani katika miaka ya themanini, mwalimu alilizunguka mara tatu kabla ya kuthubutu kuligusa.

Gari lilipakiwa juu ya lori likapelekwa katika gereji ya jua kali karibu na soko la Daraja Mbili, mjini Kisii. Fundi alikuwa kijana aliyewahi kufundishwa na mwalimu huyo huyo ngeli za nomino, na ambaye kwa maungamo yake mwenyewe hakuzielewa. Injini, ajabu, haikumsumbua. Ndani ya miezi miwili ilinguruma. Breki zilitengenezwa, bodi ikanyooshwa, ubavu ukapakwa rangi. Yakabaki matairi.

"Mwalimu," fundi alisema, "rimu ni fotini. Tairi lolote la fotini litaingia. Mimi ningekuwekea mapana, gari lilalie barabara. Litapendeza."

Neno hilo "lolote" ndilo lililomkwaza mwalimu. Alikuwa amesahihisha insha kwa zaidi ya miaka thelathini, na alijua kwamba penye "lolote" pana uvivu. Akaomba miwani yake, akachutama.

Ubavu wa tairi ni maandishi, na kama maandishi yote unamtaka msomaji anayejua sarufi yake. Tairi la nyuma lilikuwa limeandikwa 205/60R14. Nambari ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni asilimia: kimo cha ubavu kikilinganishwa na upana huo. Herufi R huonyesha kuwa nyuzi za ndani zimekwenda moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, tofauti na matairi ya kale ambayo nyuzi zake zilipishana mshazari. Na 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Milimita, asilimia na inchi katika sentensi moja! Wanaowakemea vijana wa mjini kwa kuchanganya ndimi wangefaa kuinama mara moja wausome ubavu wa tairi.

Lakini gari hilo lilipotoka kiwandani, lugha ilikuwa nyingine. Katika kitabu cha mwongozo, kilichokutwa ndani ya kisanduku cha mbele kikiwa kimeliwa pembe na mende, imeandikwa 175HR14, basi. Upana upo, rimu ipo, na H ni herufi ya mwendo, yaani tairi linastahimili kilomita 210 kwa saa. Asilimia haipo. Mwalimu alilitambua jambo hilo mara moja, maana alikuwa amelifundisha kwa jina la udondoshaji: msemaji huacha lile ambalo msikilizaji wake tayari analijua. Wakati ule karibu matairi yote ya namna hiyo yalikuwa na kimo cha takriban asilimia 82, na hapakuwa na haja ya kulitaja. Miaka ikapita, yakaja matairi mafupi ya asilimia 70, ya 60, na hata chini ya hapo, na lile lisilotajwa likageuka fumbo. Mtu asomaye leo 175 bila kuijua enzi yake hujaza pengo kwa kubahatisha.

Akafanya hesabu nyuma ya risiti. Asilimia 82 ya 175 ni 143.5. Mara mbili, kwa kuwa ubavu uko juu na uko chini ya rimu, ni 287. Ongeza inchi 14, ambazo ni milimita 355.6, unapata kipenyo cha milimita 642.6. Kisha lile la nyuma: 205 kwa asilimia 60 ni 123, mara mbili 246, jumla 601.6. Tofauti ni milimita 41. Gari lilikuwa limekatwa miguu ya nyuma, na hakuna aliyeliona.

Hapo ndipo alipoacha kutafuta matairi mapya akaanza kuyasoma ya zamani.

Ya mbele yalikuwa 185/70R14, na mwisho wa mfululizo wa herufi zake palikuwa na tarakimu nne: 4105. Tangu mwaka 2000 tarakimu hizo huonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo yalitoka kiwandani katika juma la 41 la mwaka 2005, miezi sita tu kabla ya ajali. Yalikuwa mapya. Ya nyuma yalikuwa na tarakimu tatu, 257. Juma la 25 la mwaka unaoishia na 7. Lakini 7 ipi? 1987 au 1997? Mtindo huo wa kale haukuitaja karne wala muongo, na pembetatu ndogo ambayo baadhi ya viwanda viliongeza katika miaka ya tisini haikuonekana. Udondoshaji tena. Hata hivyo, siku ile ya Aprili 2006 matairi yale yalikuwa na umri usiopungua miaka minane na miezi kadhaa, na yumkini yalikuwa yanakaribia miaka 19. Fundi alibonyeza ukucha kwenye mpira. Haukuingia.

Kisha wakayang'oa, na fundi ndiye aliyeona lililobaki. Rimu za gari hilo ni nyembamba, upana wake inchi 4½. Tairi la 205/60 huhitaji rimu isiyopungua inchi 5½. Likivalishwa rimu nyembamba kingo zake hubanwa, na katikati hutuna kama mkate unaoumuka. Basi hukanyaga kwa katikati, na hulika katikati. Ndivyo lilivyokuwa. Kando zote mbili meno yalisimama marefu na mazuri, ilhali katikati palikuwa na upara mtupu, laini kama sabuni. Mtu aliyesimama ubavuni, akainama kidogo, akatazama, angeona meno na kuondoka ameridhika. Mhasibu, bila shaka, alitazama hivyo kila asubuhi.

"Mwalimu," fundi alisema polepole, "hili gari huendeshwa na magurudumu ya nyuma."

Hakuhitaji kuongeza neno. Mbele matairi mapya yenye kushika, nyuma mpira mgumu wenye upara, na chini yake barabara iliyolowa. Kwenye kona ya mteremko dereva akiachia mafuta au akigusa breki, uzito huhamia mbele, nyuma hubaki nyepesi, na nyuma isiyoshika hutaka kuipita mbele. Gari huzunguka. Huishia kutazama lilikotoka, kama walivyoeleza wale mashahidi ambao kila mmoja alikula kiapo kwamba hapakuwa na sababu. Wengi hununua matairi mawili kwa sababu fedha hazitoshi manne, na wengi huyaweka mbele kwa kudhani kwamba usukani ndio roho ya gari. Mafundi waangalifu huyaweka nyuma. Marehemu alikuwa mtu wa kubana matumizi. Alinunua mawili.

Itakuwa dhuluma ya aina nyingine kusema kwamba hayo yalimaliza ubishi. Tairi halinusi pumzi ya mtu, na aliyekunywa anaweza kuendesha gari lenye matairi mabovu vilevile. Mwalimu aliusema ukweli huo kwa sauti, huenda akijisemea mwenyewe. Lakini ile hoja kwamba hakuna sababu nyingine isipokuwa pombe ilikuwa imekufa pale sakafuni, kwenye vumbi na oili.

Kuchagua matairi mapya kulichukua siku nne, na fundi hakuzungumzia tena kupendeza. Lipo 205/70R14, ambalo kipenyo chake kwa hesabu ni 642.6, sawasawa na lile la asili. Lilimvutia sana mwalimu mpaka akakumbuka rimu: bado ni pana mno, na kosa lile lile lingerudi. Lipo 175R14C, linalofanana na la asili karibu neno kwa neno, ila herufi C hutambulisha tairi la gari la mizigo, lenye ubavu mgumu wa kubebea vigunia. Gari lenyewe lina uzito wa takriban tani moja tu, nalo lingerukaruka kwenye changarawe kama mbuzi. Kubadilisha rimu kungefungua milango mingine, lakini pensheni ilikuwa na mipaka, na rimu zile za chuma zilikuwa za kaka yake. Likabaki 185/70R14. Linakubali rimu ya inchi 4½. Linapatikana madukani Kisii bila kuagizwa, na hilo si jambo dogo, kwani tairi la hali ya juu lisilopatikana ndilo humfanya mtu achanganye la huku na la kule. Kipenyo chake ni 614.6, pungufu ya la asili kwa milimita 28, hivyo tumbo la gari linashuka kwa milimita 14. Kipimamwendo nacho kitaongopa kidogo: kikisema 80, gari litakuwa linakwenda zaidi kidogo ya 76. Mwalimu aliridhika na uongo wa aina hiyo, unaomfanya mzee aende polepole.

Alinunua manne. Aliyasoma yote manne ubavuni kabla ya kulipa, muuzaji akimtazama kama mtu anayehesabu punje za mchele, na moja alilirudisha kwa kuwa lilikuwa limekaa dukani miaka mitano.

Siku ya kulirudisha gari nyumbani, mvua ilikuwa imenyesha tangu saa nane. Fundi aliketi kando yake. Nyuma yao, chini ya kioo kikubwa, yalilala yale matairi mawili ya 205. Njia hiyo ya Kisii hadi Chemosit, ipitayo Nyamira, hupanda na kushuka vilima bila kupumzika, na majani chai hufika karibu na ukingo wake. Katika kona ile mwalimu alipunguza mwendo kabla ya kuifikia, akaishika, akaipita. Hakuna aliyezungumza. Kilomita moja mbele fundi aliuliza kama kuna mahali pa kununua ndizi mbivu.

Mjane alitoka jikoni aliposikia mngurumo, akasimama mlangoni mkono ukiwa kinywani. Mwalimu hakumwonyesha rangi mpya. Alishusha tairi moja la zamani, akalisimamisha mbele yake, akamwomba aguse meno ya kando. Akagusa. Kisha akamwomba apeleke kidole katikati.

"Shemeji," alisema baada ya kitambo, "hapa hapana kitu."

"Hapana kitu, Shemeji. Na yeye alikuwa akitazama kutoka hapo ubavuni."

Alilishika kwa mikono miwili, akalizungusha taratibu, kidole kikifuata ule upara hadi ukarudi pale ulipoanzia. Fundi, ambaye kimya kilimlemea, alisema kuna mzee Kisii anayeshona akala na angeyanunua yote manne, hata hayo magumu.

"Mpelekee yale ya mbele," mjane alijibu. "Haya mawili hayauzwi."

Jioni hiyo aliyaviringisha mwenyewe, moja baada ya jingine, akayalaza penye lango, upande wa njia ya watoto wa majani chai.