Ukungu wa Irente

Miaka mitano ya ndoa, na kila nikienda ukweni swali ni lile lile: "Vipi, bado?" Tumepima sote wawili, mimi na mume wangu. Majibu yote safi. Daktari akatuambia sababu haijulikani. Angesema kuna ugonjwa ningejua pa kuanzia. Lakini haijulikani?

Basi nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi la Lushoto. Pale Mombo unaiacha barabara kuu ya Moshi na kuanza kupanda milima ya Usambara, kilomita zipatazo 33 za kona tupu. Joto linabaki chini. Ukifika juu unatafuta sweta.

Asubuhi nikatembea kwenda Irente, kama kilomita 6 kutoka mjini, na kijana wa kunionyesha njia. Migomba, mikaratusi, matuta ya kabichi na karoti hadi mlimani. Bibi mmoja alikuwa akipalilia. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akauliza, "Wewe mama nani?" Si unajua tena, kwetu mwanamke huitwa kwa mwanawe. Nikajikuta namjibu, "Mama Junior." Uongo mtupu! Aibu ilinifuata njia nzima.

Tulipofika ukingoni, hola. Watu huja hapa kuona mlima unavyokatika ghafla, na mbali chini kijiji cha Mazinde na nyika isiyo na mwisho. Mimi niliona ukungu tu, kama shuka limetundikwa mbele ya macho.

"Utafunguka saa ngapi?" nikauliza.

"Dada, ukungu haupangiwi saa. Unaweza kufunguka sasa hivi, unaweza usifunguke leo."

Nilitaka kukasirika. Badala yake nikakaa kwenye mwamba, nikala mkate na jibini ya shamba la Irente. Mara nikasikia honi ya lori, mbali sana, chini ya miguu yangu. Kumbe barabara ipo, watu wanaendelea na safari zao humo humo nisimoona. Nami nilikuwa nimekaa, nimeshiba, sijui kitu, na sijafa! Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, sikuwa nahesabu siku.

Ukungu haukufunguka. Nikampigia mume wangu.

"Umeona nini huko?"

"Sijaona kitu," nikacheka. Naye akacheka. Hata sikumbuki mara ya mwisho tulicheka lini.

Wakati wa kurudi, bibi bado yupo shambani. "Mama Junior, umeona?"

Nikasimama. "Bibi, nilikudanganya. Sina mtoto. Na sijui kama nitapata."

Sijawahi kuyatamka maneno hayo kwa mtu. Bibi akanitazama, akainama, akang'oa karoti tatu na kuzikung'uta udongo.

"Shika, mwanangu. Utakula njiani."

Nikazila zote kabla ya kufika mjini.